Mtu wa Turubai

Ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, Ghala,
kiyoyozi kikikohoa kama foromani wetu.
Tulikuwa kumi na tisa. Kampuni ilitulipia siku mbili:
asubuhi malengo, alasiri usalama,
cheti kimoja kwa yote, chenye muhuri wa buluu.

Mkufunzi, Bi Thuwaiba binti Seif,
buibui jeusi, na chini yake buti za chuma.
Alifundisha kwa Kiarabu, akarudia kwa Kiingereza.
Rajendran akiwanong'onezea wenzake wa Kerala,
nami nimezoea kuambulia nusu ya kila jambo,
mpaka nikamsikia akimjibu mdogo wake kwenye simu:
"Mie niko kazini, n'shakwambia. Wali epua wewe."
Kipemba! Kile cha jikoni,
kilichovuka katika vinywa vya bibi zake
bila pasi wala mizigo.

Akagawa karatasi. Andika lengo lako.
Niliandika: Kujenga.
Akasimama nyuma yangu.
"Kujenga nini? Wapi? Mpaka lini?
Lengo lisilopimika ni dua,
na dua ina mahali pake."
Nikafuta.
Vyumba vitatu na kibaraza, Lungalunga,
bati geji ishirini na nane,
kabla Mwanasiti hajaingia darasa la nne.
Miezi kumi na saba. Nilipoihesabu kwa vidole
iliniogopesha kuliko ngazi yoyote niliyowahi kupanda.
Gurung, kando yangu, aliandika mstari mmoja wa Kinepali
akaufunika kwa kiganja.

Saa tisa na nusu, jua lilipotoa ruhusa,
tukateremka uani. Jukwaa la mita sita,
na juu yake ameketi mtu wa turubai:
kilo themanini za mchanga, ovaroli kama zetu,
helmeti ya njano, uso hana.
Bi Thuwaiba alikuwa na karatasi zetu mkononi.
Akapanda, hana haraka, akihamisha kulabu kila hatua,
akazitia zote kwenye mfuko wa kifuani wa yule mtu,
akafunga zipu.

Hakusema kitu.
Akamsukuma.

Sijui niueleze vipi mlio ule.
Ni kama gunia la unga
limetupwa na mtu asiyejua nani atakula.
Helmeti ikabiringika hadi miguuni kwa Gurung.
Bega lilipasuka, mchanga ukatoka, ukaendelea kutoka,
na hakuna aliyemtazama mwenzake.
Nilifikiria bati. Nilifikiria, upumbavu gani huu,
misumari ya bati.

Tukamziba kwa utepe, tukampandisha kwa puli.
Safari hii akamvalisha mkanda, kulabu juu ya kichwa,
akamsukuma vilevile, bila huruma mpya.
Akaanguka mita moja na nusu, akanaswa,
akaning'inia akizunguka taratibu.
"Hajafa, lakini damu inashuka miguuni. Mna dakika chache.
Nani anamteremsha?"
Tulikimbia wote. Tukagongana.
Hilo nalo akaliandika. "Tutarudia kesho."

Akirudisha karatasi, ilipofika zamu yangu,
aliniambia kwa lugha ya jikoni, polepole:
"Bibi akisema, kamba hukatikia pabovu.
Hakuniambia kuwa pabovu hapaonekani.
Hilo nimelijua Suhari."
Nilingoja. Hakuongeza.

Usiku kambini nikampigia Mejumaa.
"Siku nzima mmesoma nini?"
"Kufunga kamba."
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Miaka sita huko, nawe umefunga mbuzi tangu utotoni!"
Nikacheka naye. Nikamwambia, ndiyo, kuna fundo jipya.
Kisha nikaikunjua karatasi nimsomee ile miezi,
punje za mchanga zikamwagika shukani,
nikasoma "kibaraza," nikanyamaza.
"Unasikika vibaya," akasema.
Nikamwambia mtandao.
Punje zile sikuzipangusa. Zilinikera ubavuni
mpaka basi la kazini lilipopiga honi.